Mshono Ulioachiwa kwa Siri

Siku ile mpumbavu alikuwa Fundi, na tuliseme hilo mapema ili msomaji asipoteze muda kumtafuta mwingine. Mpumbavu mwenyewe alikuwa amesimama katikati ya chumba chake cha kushonea, tepu shingoni, pini tatu mdomoni. Mbele yake alisimama mkewe, na juu ya cherehani lilikuwa gauni la buluu limegeuzwa, ndani likawa nje.

"Huu uzi ni wa nani?"

Fundi akazitoa pini mdomoni moja moja, kama mtu anayetarajia ya mwisho itatoka na jibu.

"Uzi ni wa cherehani, mke wangu. Mimi nakanyaga tu."

"Fundi, sicheki."

Hapo akajua mambo yameharibika. Miaka saba ya ndoa alikuwa akiitwa "mume wangu". Jina la Fundi lilikuwa la wateja waliocheleweshewa nguo.

Mkewe naye mtaani alikuwa na jina lake: Bi Tanuri. Alifanya kazi kwenye kiwanda kidogo cha mikate, na tanuri kubwa lilikuwa mikononi mwake tangu alfajiri. Watu walisema akilitazama tu tanuri linajua limechelewa. Sasa macho hayohayo yalikuwa usoni kwa Fundi.

"Kifungo kimekatika," akasema Bi Tanuri. "Nikasema nisimsumbue mume wangu, nikishone mwenyewe. Nageuza gauni, nakuta ubavuni kuna safu ya matundu ya sindano. Mshono ulikuwa hapa, ukahamia pale. Na uzi si ule wa zamani. Umeachia mshono, ukalipanua gauni langu?"

"Nili... kidogo."

"Kidogo ni kiasi gani?"

"Vidole viwili. Kila upande."

"Lini?"

"Zamani! Miezi mitatu na zaidi. Halafu nikarudisha! Sikiliza, sasa hivi limebanwa kama nilivyolishona mwanzo, na bado linakupwaya. Tazama haya matundu, yako nje ya mshono. Mtu anayejua kushona akiyaona..."

"Anayejua kushona ni wewe."

"Ndiyo, lakini..."

"Uliachia bila kuniambia. Ukabana bila kuniambia. Sasa niamini lipi, Fundi? La kwanza au la pili?"

Fundi akafungua mdomo. Kwa mara ya kwanza tangu ajue kusema, haukutoka utani.

"Nguo zangu zote zinapita mikononi mwako," mkewe akaendelea. "Sketi, sare ya kazini, kila kitu. Nikiona inapwaya nafurahi. Kumbe nafurahia sindano yako. Miezi minne mimi najisifu mbele za watu kwa kitu ambacho hakipo."

"Kipo! Mke wangu, kipo!"

Mlango alioubamiza akitoka ndio ukajibu.

*

Sasa turudi nyuma kidogo, maana Fundi hakuamka siku moja akaamua kuwa mwongo. Alianza kwa huruma, na huruma yake haikuwa na akili.

Miezi minne kabla ya hapo, magoti ya Bi Tanuri yaligoma. Daktari akamwambia wazi: punguza uzito, la sivyo kusimama mbele ya tanuri kutwa nzima basi. Wangemhamishia dirishani kuuza. Kwa mwanamke aliyejua mkate umeiva kwa kusikia harufu tu, dirishani ni sawa na kumwambia mwimbaji akakate tiketi mlangoni.

Kliniki walimpandisha kwenye mizani, na Muuguzi, ambaye sauti yake haikuumbwa kwa siri, akasoma:

"Tisini na sita!"

Foleni nzima ikasikia. Mzee mmoja aliyekuwa amesinzia akaamka, akadhani ni namba yake.

Bi Tanuri alirudi nyumbani akaapa hatapanda mizani tena mpaka siku ya miadi ya daktari; atajipima kila Jumamosi kwa gauni la buluu, ambalo lilikuwa halifungiki ubavuni, mpaka lifungike bila kushika pumzi. Akalitundika nyuma ya mlango.

"Mizani yangu ni hii hapa," akasema. "Haina mdomo."

Kisha akaanza kujinyima. Asubuhi chai kavu. Mchana maji. Akisimama mbele ya tanuri katikati ya mikate myeupe inayotoka ikifuka moshi, tumbo likimlilia, mpaka alasiri uvumilivu unamwishia. Basi anakula mkate nusu akiwa amesimama, anakuja nyumbani na hasira zake na magoti yake. Jumamosi ya kwanza gauni likakataa. Jumamosi ya pili likakataa. Siku hiyo Fundi alimkuta amekaa kitandani, gauni limekwama mbavuni, analia bila sauti.

Fundi angeweza kukaa naye. Angeweza kumuuliza. Lakini mtu mwenye sindano mkononi kila tatizo analiona ni la kushona. Jumatatu, mkewe akiwa kazini, akalichukua gauni, akaufumua mshono, akaachia vidole viwili huku na vidole viwili kule.

Jumamosi ya tatu gauni likafungika. Bi Tanuri akacheza chumba kizima na goti lake bovu.

"Njaa inafanya kazi, mume wangu!"

"Inafanya kazi," akasema mwanamume yule, na kile kicheko cha mkewe akakiona ni malipo tosha.

Wiki tatu nyingine zikapita za chai kavu. Halafu asubuhi moja, mbele ya tanuri, kizunguzungu kikamkamata Bi Tanuri. Trei ya mikate ikaanguka, naye kidogo aifuate. Wenzake wakampeleka kliniki kwa Muuguzi yuleyule.

"Asubuhi umekula nini?" Muuguzi akamuuliza.

"Chai."

"Na jana?"

"Chai. Halafu mkate. Mwingi."

"Mweupe?"

"Tunaoka mweupe."

Muuguzi akavuta kiti. Safari hii alisema kwa sauti ya watu wawili.

"Sikiliza, mama. Unga mweupe uliosagwa laini mwili unaumaliza upesi. Sukari inapanda mbio kwenye damu, inashuka mbio, na wengi njaa inawarudia hata kikombe hawajaosha. Nafaka nzima, maharage, dengu, hivyo vinasagika polepole tumboni. Shibe inakaa. Si dawa, na kiasi bado uangalie. Lakini ukiwa huna njaa hupigani na sahani."

Bi Tanuri akafikiri.

"Kumbe ni kama tanuri la kuni," akasema. "Ukitia karatasi linawaka kwa makelele, dakika mbili ni jivu, mkate bado mbichi. Ukitia gogo unakwenda kufanya mambo yako."

Muuguzi akamtazama.

"Nimesomea kazi hii miaka mitatu, sijasikia mtu kaieleza hivyo."

Na hapo ndipo Fundi alipoanza kuona mwanamke aliyemuoa. Bi Tanuri hakumeza maneno ya Muuguzi hivihivi. Mtu wa tanuri haamini mpaka apime. Alibandika karatasi kwenye ukuta wa jikoni, akaigawa kwa mstari: kushoto anaandika alichokula asubuhi, kulia anaandika saa njaa iliporudi. Vyote ni vya kifungua kinywa cha saa kumi na mbili.

*Mkate mweupe na chai ya sukari. Saa mbili na nusu.*

*Mkate mweupe, vipande viwili zaidi. Saa tatu kasorobo. Ajabu.*

*Uji wa shayiri isiyosagwa laini. Saa tano.*

*Ngano nzima ya kuchemsha na maharage. Saa saba. Nilisahau kama kuna chakula.*

Kiwandani akaomba ruhusa aoke mkate wake wa majaribio, unga wa ngano nzima na punje zake humohumo. Wa kwanza ulikuwa mgumu kama kiatu. Wenzake wakamcheka, wakamuuliza kama unaliwa au unavaliwa. Wa pili ulikuwa kiatu chenye heshima. Wa tano wakamwomba kipande. Naye kila siku anakula, anashiba, anaacha kabla sahani haijaisha, si kwa kujikaza bali kwa sababu hataki tena. Jioni anafika nyumbani ana nguvu ya kusimulia.

Fundi alimwangalia kama mtu anayeangalia fundi mwenzake aliyemzidi. Na dhamiri ikaanza kumchoma pini. Siku moja, mkewe akiwa kazini, akalirudisha gauni kwenye mshono wa zamani, bila kupunguza wala kuongeza. Jumamosi akakaa pembeni kumtazama. Bi Tanuri akalivaa. Likapita. Likafungika. Likabaki na nafasi.

Fundi akatoka nje, akajifanya anaongea na mteja ambaye hakuwepo, akafuta macho. Angesema siku hiyo. Hakusema. Wiki zikaja zikapita, na kila Jumamosi alisema atasema Jumamosi ijayo, mpaka kifungo kikaona kisubiri nini.

*

Bi Tanuri alikuwa kwa dada yake mkubwa, mitaa miwili mbele. Fundi akapiga simu. Ikaita mpaka ikachoka. Mara ya nne akapokea dada mkubwa, mwanamke ambaye hakuwahi kumchukia Fundi, ila hakuwahi kuacha kumchunguza.

"Shemeji."

"Shikamoo, dada. Naomba niongee naye."

"Marahaba. Hataki."

"Amekula?"

"Ndiyo. Mkate mweupe nusu, na chai ya sukari vijiko vinne. Anasema kama miezi minne ilikuwa bure, basi na leo iwe bure. Hongera, shemeji."

"Dada, kesho saa nne ana miadi na daktari wa magoti."

"Haendi. Anasema aende kufanya nini, kusomewa tisini na sita mbele ya foleni? Anasema wamhamishie dirishani tu, yaishe."

Simu ikakatika.

Fundi akakaa kwenye stuli ya cherehani. Akaandika meseji: *Mke wangu, rudi, cherehani inakulilia.* Akaifuta. Akaandika: *Nisamehe, mimi ni kitambaa cha kufutia.* Akaifuta nayo. Akaona kitu ambacho watu wote walikuwa wakimwambia tangu utotoni: mzaha wake ulikuwa mlango wa kutorokea. Na neno lake sasa halikuwa na thamani. Aliyeharibu ushahidi hawezi kuwa shahidi.

Akanyanyuka kutafuta maji jikoni. Na pale ukutani ikamtazama ile karatasi.

Akaipiga picha, mistari yote, tangu mkate mweupe mpaka *nilisahau kama kuna chakula*. Akaituma. Chini yake akaandika bila utani hata kidogo:

*Gauni nililichezea mimi. Ni kweli, na sina la kujitetea. Lakini hii karatasi ni mwandiko wako. Njaa ilirudi saa ngapi, uliijua wewe, si mimi. Sindano yangu haifiki tumboni mwako. Usiniamini mimi. Amini ulichokipima mwenyewe. Nenda kesho.*

Alama za kuwa imesomwa zikatokea. Saa moja baadaye ikaja meseji kutoka simu ya dada mkubwa:

*Ameitazama picha mara sita. Mkate wa pili ameurudisha kabatini. Sijasema nimekusamehe.*

*

Kesho yake saa mbili Fundi alikuwa ameshakaa kwenye benchi la kliniki. Saa tatu na nusu benchi likamjua. Saa nne kasoro dakika tano wakaingia wawili: dada mkubwa mbele kama askari, Bi Tanuri nyuma amevaa gauni la dada yake.

"Umevaa nguo ya dada," Fundi akasema, akasimama.

"Hii haijapita mikononi mwako," mkewe akajibu, akapita.

Muuguzi akatoa kichwa mlangoni.

"Mama wa tanuri! Miezi minne unaikimbia mizani yangu. Njoo."

"Naomba usisome kwa sauti," Bi Tanuri akasema.

"Sitasoma."

Akavua viatu. Akapanda mizani akiwa amefumba macho, kama mtoto anayesubiri sindano. Dada mkubwa akashika mkoba kwa mikono miwili. Fundi, kutoka mlangoni, alimwona Muuguzi anainama, anasogeza kile chuma, anakisogeza tena kurudi nyuma, anakagua kama mizani iko sawa. Akamshusha mgonjwa, akampandisha upya. Akafungua faili, akatazama, akamtazama mtu.

Na pale sauti ile isiyojua siri ikashindwa kujizuia.

"Themanini na saba!"

Foleni nzima ikasikia. Mtu mmoja akapiga makofi bila kujua sababu, wengine wakamfuata kwa adabu.

Bi Tanuri akafumbua macho.

"Rudia."

"Themanini na saba, mama. Kilo tisa. Umefanyaje?"

"Nimekula," akasema Bi Tanuri, na machozi yakamshuka huku anacheka. "Nimekula, dada Muuguzi. Ngano nzima, maharage, dengu. Viazi navichemsha leo navila kesho vikiwa vimepoa, ili shibe ikae. Nimekula kila siku mpaka nikashiba."

"Kuna wagonjwa kumi nje nataka uwaambie maneno hayohayo. Wakiyasikia kwangu wanasinzia."

Daktari alimkagua magoti, akamwambia abaki kwenye tanuri, ila awekewe kiti cha kupumzikia kila baada ya trei, na aendelee vilevile alivyoanza. Bi Tanuri akatoka mle ndani akitembea kama mtu aliyerudishiwa mikono yake.

Fundi alikuwa amesimama ukutani. Hakumkimbilia.

"Hongera," akasema tu.

"Asante."

"Si kwa kilo. Wapo wanaopungua. Mimi hongera yangu ni ya ile karatasi. Mimi nilikuona unalia nikakimbilia sindano. Wewe ulianguka mbele ya tanuri ukaamka ukakimbilia kalamu. Nimekaa na wewe miaka saba nikidhani mimi ndiye fundi nyumbani."

Bi Tanuri akamtazama kwa muda mrefu, akitafuta mahali utani ulipojificha. Hakuupata.

"Kwa nini hukuniambia?" akamuuliza taratibu.

"Niliogopa ungeacha kucheka."

"Niliacha jana."

"Najua. Nimeisikia nyumba bila kicheko chako."

Dada mkubwa akakohoa.

"Mnanifanya nisahau nimekuja kugombana. Mdogo wangu, mimi nasema akae peke yake wiki mbili, apike mwenyewe, afue mwenyewe. Mtu aliyekudanganya kwenye gauni atakudanganya kwenye mangapi?"

"Dada, anafua mwenyewe tangu magoti yaanze," akasema Bi Tanuri. "Na gauni kulipanua kalipanua, lakini alilirudisha kabla sijajua. Hilo gauni nimelitazama tena usiku kichwani, matundu yako nje ya mshono kama alivyosema. Mwongo anayejirekebisha bila kukamatwa naweza kumwelewa. Narudi nyumbani. Ila kuanzia leo nguo zangu hagusi bila mimi kusimama hapohapo."

"Sigusi," akasema Fundi. "Hata kifungo."

"Kifungo uguse. Kimekatika."

Wakacheka wote watatu, hata dada, ingawa yeye alicheka akitazama pembeni. Bi Tanuri akamshika mumewe mkono, na foleni iliyokuwa imeshafuatilia mambo yao tangu mwanzo ikapumua.

Mtu mwenye akili angenyamaza hapo, akashika mkono wa mkewe, akaenda zake. Lakini tulishasema mpumbavu ni nani. Furaha ilimpanda Fundi kichwani, na utani uliokuwa umefungiwa tangu jana ukavunja mlango.

"Ila shemeji, na wewe mke wangu, tuseme haki," akaanza, kifua mbele. "Ule mshono haukuwa wa bure. Jumamosi ya pili huyu alikuwa ameshakata tamaa. Nani alimwinua? Nani alimfanya acheze na goti bovu? Ule uongo ulimpa moyo! Sidai nyingi. Katika hizo kilo tisa, mbili tu niandikieni mimi."

Dada mkubwa akageuka kumtazama mdogo wake. Muuguzi, aliyekuwa mlangoni na faili la mgonjwa mwingine, akasimama palepale. Bi Tanuri hakuuachia mkono wa mumewe, wala hakupandisha sauti.

"Uongo wako ulinipa moyo wa kukaa na njaa wiki tatu zaidi, mume wangu, mpaka nikaangusha trei. Kilo zote tisa nimezipunguza kwa kula. Wewe chukua zile wiki tatu."